Nyumba ya Mshairi, mlango wa Bi Mkubwa: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mji wa Kale, Mombasa

Kisa hiki kilitokea Mji wa Kale. Nimeondoa majina ya watu na ya mtaa, na miaka naihesabu kuanzia siku tulipoitwa. Mwenye nyumba namwita Bi Mkubwa, kwa kuwa ndivyo anavyoitwa na jirani zake. Mwenye mashairi, aliyeishi humo kabla yake, namwita Mshairi tu. Tulioombwa kukaa kati ya waliogombania nyumba hiyo tulikuwa watatu: wakili, fundi mkuu wa nyumba za mawe, na mimi niliyekuwa nikiandika kila kikao kwenye daftari. Humu nimeyatoa ya daftarini, pamoja na kosa moja langu ambalo daftari halikuliandika.

Usuli

Mombasa haijapata kukosa washairi. Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, alitunga akiwa katikati ya siasa za Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, na tungo zake zilikaa midomoni mwa watu miaka mingi baada ya yeye kuzikwa. Ni Mwalimu Sikujua aliyezikusanya na kusaidiana na Mwingereza William Taylor kuziandika, na diwani haikuchapishwa hadi 1940. Namtaja Muyaka kwa sababu katika vikao vyetu kulikuwa na hoja iliyorudiwa mpaka ikachosha: eti nyumba ikianguka, Mshairi naye amepotea. Za Muyaka hazikuokolewa na ukuta. Ziliokolewa na watu waliozisema na mtu mmoja aliyekuwa na subira ya kuzikusanya.

Mshairi wa kisa chetu ni wa karne ya 20. Alifariki miaka ya 1980, akaacha mjane, wana wawili na mabinti watatu. Kwa mirathi ya Kiislamu hesabu yake ni nyepesi ajabu: mjane thumni, yaani sehemu 1 katika 8, zilizobaki 7 zinagawiwa watoto, mwana wa kiume sehemu 2, binti sehemu 1. Kwa hiyo kila mwana 2, kila binti 1, mjane 1. Jumla 8 kamili. Lakini nyumba haikatwi vipande vinane, na baada ya miaka kadhaa ya kugombania kodi ya chumba cha chini, warithi waliamua kuuza.

Aliyenunua alikuwa muuza vipuri vya baiskeli, mume wa Bi Mkubwa. Alilipa pesa taslimu, karatasi zikaandikwa, sahihi zikatiwa. Binti wa tatu alikuwa Maskati na mumewe. Kaka yake mkubwa alimtilia sahihi "kwa niaba", bila wakala wowote ulioandikwa, akapokea sehemu yake, na baadaye akasema aliitumia kwa matibabu ya mama. Huenda ni kweli. Mama hakuwapo tena wa kuulizwa.

Mnunuzi naye akafariki. Bi Mkubwa alipotufungulia mlango kwa mara ya kwanza alikuwa ameishi humo zaidi ya miaka 30, na watoto wake wote wanne wamezaliwa humo. Mshairi mwenyewe hakuikaa nyumba hiyo muda mrefu hivyo.

Nyumba yenyewe

Ni ya ghorofa moja juu ya chini, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa karibu nusu mita. Vyumba ni vyembamba, kama zilivyo nyumba nyingi za aina hii, kwa kuwa upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ambayo huzidi mita 3 kwa nadra. Nje kuna baraza. Mlango wa mbele ulikuwa wa nakshi, mbao mbili na mfaa, ule ubao unaosimama katikati yake, nao umechongwa maua kuanzia juu hadi usawa wa goti. Chini ya hapo nakshi zilikuwa zimelika kwa mikono na mikokoteni. Ukuta wa mashariki ulipigwa plasta ya simiti wakati fulani, na ndio uliokuwa ukitoka chumvi nyeupe na kubambuka. Simiti huziba. Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyatoa kama mtu anavyotoka jasho. Ukiuziba kwa nje, maji hutafuta njia ya ndani, nayo chumvi huja nayo.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inampa mwenye nyumba wajibu wa kuomba idhini kabla ya kubadilisha jengo. Sheria hiyo haimletei maji ya mfereji. Hilo tutalirudia.

Kilichotokea

Wanafunzi ndio walioanza. Walikuja na mwalimu wao, wakaketi barazani, wakasoma mashairi mawili kwa sauti, na Bi Mkubwa akawapikia mahamri. Anasema alifurahi. Mwaka uliofuata walikuja wengine, kisha waongoza watalii wanaotoka Ngomeni, yaani Fort Jesus, na kupita vichochoroni walianza kusimama hapo. Siku moja Bi Mkubwa alikuwa barazani hana buibui, amejifunga leso tu, anachambua mchicha. Akainua uso, akaona simu tatu zimemwelekea.

Kikundi cha wapenda fasihi, ambacho nitakiita Chama, kilitengeneza kibao cha shaba. Maandishi yake yalikuwa mazuri kweli: jina la Mshairi, kwamba aliishi hapa, na mshororo mmoja wake. Walikipigilia ukutani asubuhi ya Jumamosi kwa skurubu nne. Ruhusa waliomba kwa mjukuu wa miaka 12 aliyefungua mlango, akasema "sawa". Siku ya tatu mwanawe Bi Mkubwa, Kijana, alikibandua kwa nyundo na patasi, plasta ikatoka nacho kipande cha ukubwa wa sahani. Kuna mtu alipiga picha kibao kikiwa chini. Kufika jioni picha imezunguka mji mzima, na Bi Mkubwa, mzaliwa wa kisiwa hiki, anaitwa mgeni aliyenunua urithi wa watu.

Baada ya hapo mambo matatu yalikuja kwa pamoja, na wenyewe waliyaona kama njama moja. Kijana, aliyekuwa akijiandaa kuoa, alianza kupandisha nguzo za zege uani ili aongeze ghorofa; akaletewa amri ya kusimamisha ujenzi. Aliamini Chama kimemchongea. Binti wa tatu alirudi kutoka Maskati, akaona picha ya kibao kwenye simu ya mpwa wake, na kwa mara ya kwanza akauliza sehemu yake ilikwenda wapi. Bi Mkubwa aliamini Chama kimemleta. Na ukuta wa nyuma, juu ya jiko, ukapasuka: ufa uliotosha kupitisha sarafu ya shilingi 20. Chama kiliamini kwamba Kijana anaubomoa makusudi ili apate kisingizio.

Hapo ndipo mzee wa mtaa alipotuita.

Maamuzi, na kwa nini tuliyafanya

Kikao cha kwanza kilikuwa kibaya. Tulikifanya barazani, watu 11, kila mmoja akimzungumzia Mshairi. Bi Mkubwa alikaa kimya nusu saa, kisha akasema: "Sisi tuliuziwa nyumba, hatukuuziwa maiti." Akaingia ndani. Fundi alinong'ona kwamba huo ndio uamuzi wa kesi na tungeweza kwenda nyumbani.

Tuliamua basi kuachana na Mshairi kwa muda. Kuanzia kikao cha pili hakuna aliyeruhusiwa kumtaja, na tukaanza na ufa, kwa sababu ufa hauna ukoo wala chama. Fundi alipanda juu, akakaa huko muda mrefu kuliko tulivyotarajia, akashuka na vumbi la boriti kwenye viganja. Nguzo za Kijana hazikuwa zimegusa ukuta ule. Kilichokuwa juu ya jiko ni matangi matatu ya plastiki, kila moja la lita 1,000. Lita moja ya maji ni kilo moja. Matangi yakijaa, ni tani 3 juu ya boriti zilizowekwa zibebe watu wachache na nguo za kuanika. Boriti mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa kwenye ncha, pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo huwezi kuona mpaka uchokonoe.

Matangi yalikuwapo kwa sababu maji yalikuwa yakija mara mbili kwa wiki, usiku. Kabla ya matangi walikuwa wakinunua mitungi ya lita 20 kwa wachuuzi wa mikokoteni, na kwa nyumba ya watu tisa hiyo ni gharama ya kila siku. Kwa hiyo adui wa nyumba ya Mshairi alikuwa mgao wa maji. Nilimwona Kijana akishusha mabega. Kwa miezi minne alikuwa ameambiwa anabomoa nyumba, na hakuna hata mmoja wa waliomwambia aliyepanda juu kutazama.

Uamuzi: matangi yashuke uani, juu ya msingi wa zege, na pampu ndogo ipandishe maji. Chama kilikubali kulipia pampu, bila maneno, kama fidia ya plasta. Kuhusu ghorofa, fundi alimwonyesha Kijana kwamba kuta hazitabeba, idhini ije isije. Alikubali kwa sababu ya fundi. Karatasi ya amri hakuisoma hadi leo.

Mirathi ilikuwa ngumu zaidi, na hapa wakili alifanya kazi ambayo sikuitarajia kwa wakili. Alimweleza Bi Mkubwa waziwazi kwamba kesi ya kudai ardhi ina kikomo cha miaka 12, na yeye amekaa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Binti wa tatu angepata taabu kubwa mahakamani. Tulidhani atapumua. Akasema: "Mwanangu, na swala nnazoswali humu? Kikiwa chumba kimoja ni cha mtu, mimi n'najuaje ni kipi?" Hakutaka kushinda kwa kalenda.

Suala likawa bei gani. Binti alitaka thumni ya thamani ya leo, ambayo kwa bei za Mji wa Kale ingemlazimu Bi Mkubwa auze ndipo alipe. Wakili alirudisha kisa kwenye mzizi: aliyepokea pesa ya Binti ni kaka yake, wala si mnunuzi. Dai la dada dhidi ya kaka ni la mirathi, nalo lina pa kupelekwa, Mahakama ya Kadhi. Huko walikwenda, wakarudi na sulhu: kaka alipe kile alichopokea, kwa mafungu, na Bi Mkubwa aongeze kiasi kwa ridhaa yake ili Binti atie sahihi aliyokosa kutia tangu mwanzo. Fungu la kwanza lililipwa Mfunguo Mosi, baada ya Idi.

Kasha lilijitokeza kwa bahati. Katika kikao cha nne fundi aliomba kutazama chini ya ngazi, akitafuta mchwa. Kulikuwa na kasha la bati, na ndani yake madaftari saba ya Mshairi, mengine kwa hati za Kiarabu, mengine kwa za Kizungu, yamefungwa kwenye kanga kuukuu na vidonge vya nondo. Bi Mkubwa alikuwa akibadilisha vidonge kila mwaka kabla ya Ramadhani. "Si yangu," alisema, "lakini ni maandishi. Huwezi kutupa maandishi." Tulimwuliza kwa nini hakuwaambia wale wa Chama. Akajibu kwamba hawakuuliza. Waliuliza kama anajua yeye anaishi nyumba ya nani.

Kisheria lilikuwa rahisi. Nyumba iliuzwa, madaftari hayakuandikwa kwenye mkataba. Na hata anayeshika daftari hashiki haki ya maneno yaliyomo: hakimiliki ya mashairi hubaki kwa warithi miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Madaftari yakaenda kwa Binti wa tatu, baada ya kila ukurasa kupigwa picha, na nakala moja akapewa Bi Mkubwa. Mawili kati ya saba yalikuwa yameliwa na mchwa kiasi cha kutosomeka.

Matokeo

Ufa umezibwa kwa chokaa iliyorowekwa kitambo, si kwa simiti, na boriti mbili zimebadilishwa. Nguzo za zege zimekatwa usawa wa kiuno. Sasa zinabeba kamba za kuanika. Kijana amepanga chumba mtaa wa Majengo. Binti na Bi Mkubwa wanatembeleana, na kaka hayupo katika matembezi hayo. Kibao hakikurudi ukutani. Kimewekwa kwenye maktaba ya shule moja, na waongoza watalii bado husimama kichochoroni, ingawa sasa wanasimama upande wa pili.

Mlango umeuzwa.

Uliuzwa mwezi wa tano wa vikao vyetu. Mnunuzi wa vitu vya kale alikuja na pikapu baada ya isha, na asubuhi palikuwa na geti la chuma lililopakwa rangi ya kijani. Mbao mbili, fremu na mfaa vyote vimekwenda. Kijana alihitaji pesa: wakili wake wa kwanza, aliyekuwapo kabla yetu, alikuwa akidai, na mapatano yalikuwa bado hayajajulikana yataishia wapi. Mama yake alijua. Hakumkataza.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa ni kutenganisha. Jina, ukuta, mirathi na makaratasi vilikuwa vimefungwa fundo moja, na kila aliyevuta uzi wake alikaza wa mwenzake. Tulipoanza na ufa tulipata jambo moja la kweli ambalo wote wangeweza kulitazama kwa macho, na nalo likawaonyesha kwamba kila mmoja alikuwa amemdhania mwenzake vibaya. Sidhani tungefika kwa Kadhi kama tusingepanda juu kwanza.

Kilichoshindikana kina tabaka mbili. La kwanza ni la Chama, na nalisema nikiwa nakipenda. Walimtafuta mtu aliyekufa katika nyumba ya watu walio hai, na walio hai wakawa kama pazia linalozuia kuona. Hawakumwuliza Bi Mkubwa chochote ambacho jibu lake lingeweza kuwabadilishia mpango. Skurubu nne zingepigwa kwa idhini yake, naamini, ikiwa tu wangerudi mara ya pili wasiwe na kamera. Hawakujua kwamba madaftari waliyokuwa wakiyasikitikia katika makala zao yalikuwa hatua nane kutoka barazani, yakibadilishiwa vidonge.

La pili ni langu. Katika kikao cha tatu, wakati wa chai, tulikuwa tukicheka juu ya bili za mawakili. Niliupiga mlango kwa kiganja, nikasema kwa mzaha kwamba mlango huu peke yake wamaliza deni lote na chenji inabaki ya harusi. Kijana alikuwa ananimiminia chai. Akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama ni kweli. Nikamtajia kiasi nilichokuwa nimesikia mlango kama ule umeuzwa.

Daftari langu la siku hiyo lina kurasa nne, na mlango haumo. Nilikuwa nimeandika kwa makini kila kilichogombaniwa, na mlango haukugombaniwa na mtu, kwa hiyo niliuhesabu kuwa salama. Kumbe mali isiyogombaniwa haina mlinzi. Tungetakiwa, siku ya kwanza kabisa, kupita chumba kwa chumba na kuandika kila kitu kinachoweza kubebwa na pikapu, kisha tumwulize Kijana anadaiwa kiasi gani. Deni lake lilikuwa dogo kuliko bei ya pampu na matangi vikijumlishwa. Chama kingelilipa, kama kingejua lipo.

Mtu anaweza kuuliza ikiwa tulikuwa na haki ya kumzuia. Kwa sheria, mlango ni sehemu ya jengo lililo ndani ya hifadhi na kuung'oa kunahitaji idhini. Kwa upande mwingine, kijana huyo alikuwa ameambiwa asijenge, asibandike, asibandue, akae tu ndani ya jina la mtu mwingine. Na kitu pekee alichoweza kukigeuza pesa, kilitajiwa bei na mpatanishi mwenyewe. Wakili hakubaliani nami hapa. Anasema najibebesha. Fundi hasemi kitu, ila tangu siku hiyo haniruhusu kunywa chai kwenye kazi kabla hatujamaliza.

Lililobaki

Ukuta wa mashariki bado una simiti. Fundi ataibandua kipande kwa kipande baada ya masika, ukuta upate kukauka kwanza, na Bi Mkubwa amekubali kulala chumba cha mbele wakati huo.

Mnunuzi wa mlango alishindwa kung'oa kizingiti, kwa kuwa kilijengewa ndani ya ukuta pande zote mbili. Kimebaki, kimelika katikati kama kinu. Geti la chuma hukigonga kila likifunguliwa, na fundi alijitolea kukikata kifike usawa wa sakafu. Bi Mkubwa alikataa. Mvua ikipiga, maji ya kichochoro huishia hapo.